SharePoint ikigoma, tazama kilicho chini yake kwanza

Assalaam aleikum ndugu zangu. Somo hili ni kwa wenzangu wa TEHAMA wanaotunza SharePoint, yaani mfumo wa Microsoft wa kuhifadhi na kushirikiana mafaili, iliyowekwa kwenye seva za taasisi yao wenyewe: toleo la 2016, la 2019, au Subscription Edition iliyotoka Novemba 2021. Wenye ile ya wingu, inayoendeshwa na Microsoft kwenye seva zake, yamo yatakayowafaa, ila seva si zenu, kwa hivyo hatua nyingi hamtazigusa.

Taasisi nyingi za kwetu zina makao makuu Unguja na ofisi Pemba. Barua ikisajiliwa masjala ya Unguja, afisa wa Chake Chake anaingojea kwenye skrini. Mfumo ukizima, wa Unguja atapanda ghorofa moja akalichukue jalada kwa mkono. Wa Chake Chake ana bahari baina yake na hilo jalada. Likizo ya mtu, malipo ya mkandarasi, uhamisho wa mwalimu wa skuli, vyote vinakaa. Ndiyo maana siridhiki na tabia ya kuzima na kuwasha seva kila kosa likitokea. Seva itarudi, lakini sababu haijajulikana, na wiki ijayo mtu yule yule wa Pemba atakwama tena.

Shikeni mpangilio huu: ukurasa anaouona mtumiaji unatolewa na IIS (programu ya Windows inayotoa kurasa za tovuti), nyuma ya IIS ipo SharePoint, SharePoint imeweka karibu kila kitu, hata mafaili yenyewe, ndani ya hifadhidata za SQL Server. Chini ya hapo kuna Windows, diski, saa, akaunti za Active Directory (daftari la watumiaji na nywila zao), na umeme. Kosa huonekana juu, na mara nyingi limeanzia chini.

Hatua ya kwanza: ipate namba ya tukio

Ukurasa wa kosa huwa na namba ndefu ya herufi na tarakimu iliyoandikwa Correlation ID. Wafundisheni watumiaji wasiufunge ukurasa huo. Wapige picha ya skrini nzima, waitume pamoja na saa. Hapa pana jambo dogo linalopoteza muda mwingi: mtu atakwambia "saa nne na robo asubuhi", wewe kwenye kumbukumbu za mfumo utafute 10:15. Asiyetaja, muulizeni kama ni asubuhi au usiku, na ni siku gani, maana ripoti nyengine zinakuja siku ya pili.

Ukishaipata namba, fungua PowerShell ya SharePoint (dirisha la kuandikia amri) kwa mamlaka ya msimamizi uandike:

Merge-SPLogFile -Path "D:\Kumbukumbu\tukio.log" -Correlation "namba ya tukio"

Amri hii inakusanya mistari ya tukio hilo kutoka seva zote za mfumo na kuiweka kwenye faili moja. Soma kuanzia juu, utafute mistari yenye daraja la Critical, Unexpected au High. Ule wa mwanzo ndio wenye habari. Inayofuata mara nyingi ni matokeo yake. Kumbukumbu hizi kwa kawaida huwekwa siku 14, ndani ya folda ya LOGS iliyo chini ya Web Server Extensions\16 kwenye diski ya C. Zihamishieni diski nyengine mapema. C ikijaa, Windows nayo inaumia.

Hatua ya pili: shuka chini

Hapa nataka mkae sana.

Diski kwanza, na khasa ya SQL. Hifadhidata iliyo katika hali ya Full huandika kila badiliko kwenye faili lake la miamala, lile la .ldf, na nafasi ya ndani ya faili hilo haiachiliwi mpaka ichukuliwe bakapu (nakala ya akiba) ya miamala. Wengi wanachukua bakapu ya hifadhidata nzima kila usiku wakadhani wamemaliza. Hawajamaliza. Faili la miamala linaendelea kuvimba hadi diski inajaa, na siku hiyo watumiaji wanaweza kusoma lakini hawawezi kuhifadhi kitu. Dawa ni kupanga bakapu ya miamala kwa ratiba ndani ya siku. Kulibana faili kwa nguvu ni kazi ya mara moja, baada ya bakapu, na isiwe desturi.

Kisha akaunti. Ukiona maandishi "503 Service Unavailable" juu ya ukurasa mweupe, nenda IIS utazame aplikesheni pulu (Application Pool, sehemu ya IIS inayoiendesha tovuti). Ikiwa imesimama, angalia akaunti inayoiendesha: nywila imekwisha muda, au akaunti imefungwa. Akaunti hizi ziandikisheni ndani ya SharePoint kama akaunti zinazosimamiwa, na nywila ibadilishwe kutokea huko huko. Mwenzako wa Active Directory akiibadilisha upande wake bila kukwambia, SharePoint itaendelea kutumia ya zamani. Ikishatokea, Set-SPManagedAccount yenye -UseExistingPassword inaiarifu SharePoint nywila mpya.

Saa. Kerberos, njia ya Windows ya kumthibitisha mtumiaji, kwa kawaida haikubali tofauti inayozidi dakika 5 baina ya kompyuta na seva ya utambulisho. Seva iliyozimika ghafla ikaamka na saa yake imepotea itawakataa watu wenye nywila sahihi kabisa. Kabla ya kumbadilishia mtu nywila, tazama saa.

Na umeme. Unguja inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Pemba ina waya wake kutoka Tanga tangu 2010. Waliokuwa kazini Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya ulipoharibika, wanajua maana ya kuendesha ofisi kwa jenereta. Siku hizi tunachopambana nacho ni kukatika na kurudi. Umeme ukirudi, seva zote zinaamka kwa pamoja, SharePoint inaitafuta SQL ambayo bado haijawa tayari, na huduma zake zinashindwa kuanza. Pangeni mpangilio wa kuamka: seva ya Active Directory na DNS (inayotafsiri majina ya seva) kwanza, kisha SQL, kisha SharePoint. UPS ipangwe izime kwa mpangilio wa kinyume kabla betri haijaisha. Uandikeni mpangilio huo kwenye karatasi, ubandikwe mlangoni mwa chumba cha seva, kwa sababu siku ya tukio wewe unaweza kuwa kwenye boti.

Ikiwa hayo yote ni mazima na mfumo bado unaonyesha mipangilio ya zamani, au kazi za ratiba hazitembei, safisha hifadhi ya muda ya mipangilio. Simamisha SharePoint Timer Service kwenye kila seva, ingia C:\ProgramData\Microsoft\SharePoint\Config, ndani ya folda yenye jina refu futa mafaili ya XML peke yake, lile la cache.ini ulifungue uweke tarakimu 1, kisha uwashe huduma, seva moja baada ya nyengine. Msiifute cache.ini yenyewe.

Hatua ya tatu: ruhusa

Ruhusa itolewe kwa kikundi, mtu awekwe kwenye kikundi. Ukianza kumpa mtu mmoja mmoja ruhusa ya folda moja moja, unakata urithi wa ruhusa (folda kufuata ruhusa za pale ilipo) kila pahala. Microsoft inashauri orodha moja isizidi sehemu 5,000 zenye ruhusa za peke yake. Lakini hata zikiwa chache, hakuna atakayeweza kukumbuka nani anaona nini. Afisa akihamishwa kutoka utumishi kwenda ugavi, mafaili ya nidhamu za wenzake bado yanamfungukia. Hilo ni jambo la heshima za watu, na ni letu sisi wasimamizi. Mtu akisema haoni kitu, tumieni kitufe cha Check Permissions kabla ya kuongeza chochote.

Hatua ya nne: orodha ndefu

Orodha ikipita vitu 5,000, mwonekano (view) unaojaribu kuvichuja kwa safu isiyo na indeksi, yaani faharasa ya kutafutia haraka, utakataliwa. Kinga hii ipo ili SQL isifunge jedwali zima kwa ajili ya mtu mmoja, kwa hivyo msiiondoe. Wekeni indeksi kwenye safu za kuchujia, mfano mwaka na namba ya jalada, kisha mwonekano uchuje kwa safu hiyo mwanzo. Indeksi wekeni mapema, orodha ikiwa bado ndogo. Kwa masjala, tengeni maktaba moja kwa kila mwaka.

Hatua ya tano: masasisho na bakapu

Baada ya kuweka sasisho, lazima muendeshe PSConfig (programu ya kukamilisha sasisho) kwenye kila seva. Bila hivyo sasisho ni nusu. Julai 2025 ulitangazwa udhaifu wa usalama wenye namba CVE-2025-53770, ambao uliwaruhusu wavamizi kuingia kwenye SharePoint za seva za taasisi bila nywila. Ile ya wingu haikuguswa. Sasisho peke yake halikutosha: funguo za mashine za ASP.NET (siri ambazo seva hutumia kuthibitisha data za tovuti) nazo zilitakiwa kubadilishwa, na IIS iwashwe upya, kwa sababu aliyekwisha kuziiba angerudi hata mlango ukiwa umezibwa. Mwenye seva inayoonekana kutoka intaneti ambaye hajafanya hayo, aache kusoma akafanye. Na mkumbuke, ukomo wa msaada wa Microsoft kwa 2016 na 2019 ni 14 Julai 2026.

Bakapu: nakala moja ikae kisiwa cha pili. Hifadhidata moja ya maudhui isipite GB 200, ili kuirudisha kusichukue siku nzima. Na mjaribu kuirudisha kwenye seva ya majaribio, mpaka mfungue faili moja mlisome kwa macho.

Maswali ya wanachama

*Afisa masjala, Chake Chake:* Mwalimu, kuna faili tunaliona lakini haturuhusiwi kulihariri, linasema limechukuliwa na mtu ambaye kahamia Unguja tangu mwezi uliopita. Tunampigia hapokei.

*Jibu:* Pole dada. Hilo lilichukuliwa kwa Check Out (mtu kulishika faili ili wengine wasilihariri) halikurudishwa. Mwenye mamlaka kamili ya maktaba anaweza kuondoa kifungo kwa Discard Check Out, lakini ajue kwamba mabadiliko ambayo bwana yule hajayarudisha yatapotea, kwa hivyo mtafuteni kwanza hata kwa kupitia mkuu wake. Ikiwa faili halijawahi kurudishwa tangu lilipopandishwa, wengine hawalioni kabisa. Msimamizi aingie mipangilio ya maktaba, pale pa mafaili yasiyo na toleo lililorudishwa, achukue umiliki. Na kama hamna haja ya lazima ya Check Out, ondoeni sharti hilo kwenye maktaba.

*Mwanachama wa Wete:* Mimi nikiwa juu ya seva yenyewe nikifungua tovuti, inaniuliza nywila mara tatu kisha ukurasa mweupe. Kwenye kompyuta za watumiaji inafunguka vizuri. Nimebadilisha nywila yangu, bado.

*Jibu:* Nywila yako haina neno, kaka. Windows inazuia seva kujiita yenyewe kwa jina ambalo si lake. Liongeze jina la tovuti kwenye BackConnectionHostNames ndani ya rejista ya Windows, kisha uiwashe seva upya. Utaona watu wanashauri kuizima kinga yote kwa DisableLoopbackCheck. Kwenye seva ya majaribio sawa. Kwenye ya kazi, taja majina tu.

*Mwanachama wa Mwanakwerekwe:* Barua nimeipandisha asubuhi, kutafuta haitokei. Ya mwaka jana nayo haitokei, na zote zimo.

*Jibu:* Ni mambo mawili tofauti. Ya asubuhi huenda inangojea zamu ya upekuzi (crawl, mfumo unapoyapitia mafaili ili yatafutike). Tazama ratiba, na kama maudhui yote ni ya SharePoint unaweza kuwasha upekuzi wa mfululizo. Hakikisha pia barua imechapishwa, kwani akaunti ya upekuzi haisomi rasimu. Ya mwaka jana naomba uifungue ujaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likikataa kuchaguka, hiyo ni picha ya karatasi iliyotoka kwenye skana, na kitafutaji hakioni maneno ndani ya picha. Ziwekeni mpango wa kutambua maandishi wakati wa kuskani. Zilizopita, andikeni angalau kichwa cha barua na namba ya jalada kwenye safu zake.

*Mwanachama wa Mkoani:* Kijana wa mafunzo alifuta folda nzima, tumegundua baada ya siku kama arubaini. Pipa la taka tupu. Je, ndiyo basi?

*Jibu:* Si basi, ikiwa bakapu ipo. Kwenye seva zetu kawaida ya pipa ni siku 30, zinazohesabiwa tangu kufutwa, na pipa la pili la msimamizi haliongezi siku juu ya hizo. Wa wingu wana siku 93. Wewe chukua bakapu ya hifadhidata ya kabla ya siku ya kufutwa, uirudishe SQL kwa jina jengine ili isiiguse ile inayofanya kazi. Kisha ndani ya Central Administration (tovuti ya kusimamia SharePoint), upande wa bakapu, ipo njia ya kutoa data kwenye hifadhidata ambayo haijaunganishwa na mfumo. Toa maktaba ile peke yake, iingize kwenye saiti ya muda, halafu hamisha folda. Fanya jioni watu wakishaondoka, na ukague kwanza kama diski ya SQL ina nafasi ya hifadhidata ya pili.