Siku tatu Addis Ababa: pa kulala, cha kula na pa kutembelea

Watu wengi wa kwetu wanaijua Addis Ababa kwa viti vya uwanja wa ndege tu. Wanashuka Bole, wanasubiri ndege ya Ulaya au China, wanaondoka. Mimi husindikiza vikundi vya wafanyabiashara na wajumbe wa mikutano kwenda huko, na nimeona kwamba anayefaidi mji ule ni yule anayekwenda na mwendo wa wenyeji: saa zao, siku zao za mfungo, na mwinuko wa nchi yao. Ninavyompangia mgeni ni hivi.

Hatua ya 1: Tarehe kabla ya tiketi

Mvua kubwa hunyesha Juni hadi Septemba, na Julai na Agosti ndiyo kilele. Oktoba hadi Februari anga huwa safi, mchana una jua, usiku baridi ya kuvaa sweta. Ila epuka siku za mkutano wa marais wa Umoja wa Afrika mwezi Februari: vyumba hupanda bei na barabara hufungwa kupisha misafara. Kama unapenda sherehe, sikukuu za Kanisa la Orthodox ni mbili kubwa: Meskel, ya Msalaba, huangukia karibu na tarehe 27 Septemba, na Timket, ya Ubatizo, karibu na 19 Januari, basi weka chumba mapema.

Mkenya haombi viza. Wengine waangalie tovuti rasmi ya viza ya Ethiopia kabla ya kulipia chochote. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isibaki nyumbani.

Hatua ya 2: Malazi

Kwa safari ya kwanza mimi huwaweka watu Bole. Ni karibu na uwanja wa ndege, migahawa imejaa na usiku watu bado wanatembea. Anayetaka makumbusho atafute chumba upande wa Arat Kilo. Ushauri wa zamani kuhusu Piassa na Kazanchis uuangalie kwa makini, kwa sababu sehemu kubwa ya mitaa hiyo ilibomolewa mwaka 2024. Soma maoni ya wageni wa miezi ya karibuni.

Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: maji ya moto yapo saa zote? Kuna jenereta? Kuna gari la kukupokea uwanjani? Hoteli nyingi zinatoa gari hilo bila malipo ya ziada, lakini lazima uwatumie namba ya ndege.

Hatua ya 3: Uwanjani

Beba dola safi, zisizochanika wala kuandikwa kalamu. Badilisha kiasi kidogo benki, humo humo uwanjani, na utunze risiti. Birr, sarafu ya Ethiopia, iliachiwa kufuata soko Julai 2024, kwa hiyo bei aliyokutajia rafiki aliyekwenda zamani haikusaidii. Nunua laini ya simu ya Ethio telecom au ya Safaricom, ambayo nayo ipo huko tangu 2022. Kisha pakua programu ya Ride ya kuitia teksi.

Sasa saa. Waethiopia huhesabu saa kama sisi: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, na ofisi hufunguliwa saa mbili. Shida huja mnapoongea Kiingereza, kwa sababu dereva akisema "two o'clock" huenda anamaanisha saa mbili asubuhi, au saa nane mchana. Kila miadi, ongeza neno asubuhi, mchana au jioni, na umwonyeshe dereva saa ya simu. Tiketi ya ndege yenyewe hufuata saa za kimataifa.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, taratibu

Mji uko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Aliyetoka Dar au Mombasa atahema kwenye ngazi za ghorofa ya pili. Kunywa maji, pombe iache jioni ya kwanza, na milima ya Entoto, inayopita mita 3,000, iwekee siku ya mwisho.

Hatua ya 5: Kula

Jumatano na Ijumaa waumini wa Orthodox hufunga: hawali nyama, maziwa wala mayai. Kuna pia kwaresima yao ya siku 55 kabla ya Pasaka. Mgeni akisikia hivyo huhuzunika, mimi hufurahi. Siku hizo agiza *beyaynetu* ya mfungo, yaani mchanganyiko wa mboga. Linakuja sinia la injera, mkate wao mwembamba wa unga wa teff uliochachuka, na juu yake mafungu ya dengu nyekundu zenye berbere (viungo vya pilipili), shiro ya moto (rojo la unga wa jamii ya kunde), sukuma, kabichi na viazi, kiazisukari na saladi. Kata kipande cha injera kwa mkono wa kulia, bana mboga, peleka mdomoni. Vidole havilambwi. Mwenyeji akikukunjia tonge na kukulisha kwa mkono wake, fungua kinywa: hiyo ni *gursha*, ni heshima kubwa.

Siku nyingine kula *doro wat*, mchuzi wa kuku mzito wenye yai zima, au *tibs*, nyama ya kukaanga. *Kitfo* ni nyama mbichi ya kusaga. Asiyeizoea aseme *leb leb*, ipashwe moto kidogo. Muislamu aulize nyama imechinjwa na nani, na hakuna atakayekasirika, kwa sababu wenyeji wenyewe wana bucha tofauti. Merkato, soko kubwa la mji, na Bole Michael, mtaa wenye Wasomali wengi, utapata wali, mbuzi na sambusa bila wasiwasi.

Kahawa itengee saa nzima. Mama anaosha buni, anazikaanga mbele yako, anapitisha kikaango ili kila mmoja avute ule moshi, kisha anatwanga na kuchemsha kwenye *jebena*, birika la udongo. Kuna ubani, kuna bisi. Vikombe ni vitatu: abol, tona, baraka. Usiondoke kabla ya cha tatu.

Hatua ya 6: Kutembelea

Siku moja ifuate barabara ya Arat Kilo kwenda Sidist Kilo. Anza Kanisa la Utatu Mtakatifu, alipozikwa Haile Selassie, kisha Makumbusho ya Taifa yenye Lucy, mifupa ya kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, aliyefukuliwa 1974 na mwenye umri wa takriban miaka milioni 3.2, utakachoona kwa kawaida ni nakala ya mifupa. Malizia chuo kikuu, katika ikulu ya zamani ambayo sasa ni makumbusho ya makabila, na chumba cha kulala cha Haile Selassie bado kipo.

Siku ya pili, Merkato asubuhi ukiwa na mwenyeji, simu mfuko wa mbele. Mchana nenda Meskel Square, kwenye Makumbusho ya Mashahidi wa Ugaidi Mwekundu, yaani waliouawa na utawala wa kijeshi wa Derg miaka ya 1970. Ni mazito, lakini bila hayo huielewi Ethiopia ya leo. Kisha jengo la Africa Hall, ambako OAU, mtangulizi wa Umoja wa Afrika, iliundwa tarehe 25 Mei 1963, Mwalimu Nyerere akiwemo. Omba nafasi mapema, maana ni eneo la Umoja wa Mataifa. Sanamu ya Mwalimu, iliyozinduliwa Februari 2024, iko makao makuu ya Umoja wa Afrika. Kuingia humo kunahitaji kibali, na watu wa ubalozi wako wanaweza kukuelekeza.

Ikulu, askari na majengo ya serikali usiyapige picha.

Hatua ya 7: Kuondoka

Asubuhi ya mwisho panda Entoto, kisha pitia Tomoca, duka la kahawa la tangu 1953, ununue kahawa ya punje badala ya iliyosagwa. Birr zilizobaki zimalizie hapo, kwani ukifika nyumbani ni vigumu kupata wa kukubadilishia. Uwanjani fika muda wa saa tatu kabla ya ndege kuondoka: ukaguzi wa Bole huanza mlangoni, na foleni za usiku ni ndefu.