Msifungie Mtoto wa Mbwa Kutwa Nzima: Saa Sahihi za Kizimba

Wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa wa Muheza, Pangani na pembezoni mwa Jiji la Tanga hununua watoto wa mbwa kwa ajili ya kulinda mazizi, na wengi wao, jambo ambalo ni zuri, hutengeneza kizimba cha kumfundishia kuzuia haja kabla mnyama hajafika nyumbani. Kinachoharibu kazi ni saa. Mtoto wa mbwa mwenye wiki nane anaingizwa kizimbani saa moja asubuhi, mwenye nyumba anakwenda shambani au sokoni, na mlango haufunguliwi hadi saa kumi na moja jioni. Haupiti mwezi kabla hajaanza kulalamika kwamba mbwa ni mchafu, anabweka usiku kucha na anamng'ata kijana anayempelekea chakula. Mwisho wake mbwa anatelekezwa, ananunuliwa mwingine, naye anafungiwa vilevile.

Mbwa kwa maumbile yake hapendi kuchafua mahali anapolala, na mafunzo yote ya kizimba yanategemea tabia hiyo moja. Hata hivyo, kibofu cha mnyama wa miezi miwili hakiwezi kuhimili mchana mzima. Akifungiwa kutwa atakojoa hapo hapo alipolala, si kwa ukaidi bali kwa kushindwa, na jambo hilo likijirudia siku kadhaa anazoea kulala katika uchafu wake. Mazoea hayo yakishaingia, kuyaondoa ni kazi kubwa kuliko kuanza na mnyama asiyejua lolote.

Kwa hiyo shikeni kipimo hiki: umri wa miezi miwili, muda usiozidi saa mbili mchana, miezi mitatu, saa tatu, miezi minne, saa nne. Hapo ndipo pa kusimamia, kwa maana hata mbwa mkubwa hafai kufungiwa mchana zaidi ya saa nne au tano mfululizo. Huo ni ukomo wa mnyama aliyekwishazoea, wala si mahali pa kuanzia. Siku mbili za kwanza mlango usifungwe kabisa; awekewe chakula ndani, arushiwe dagaa mmojammoja, aingie na kutoka apendavyo. Siku ya tatu na ya nne mlango ufungwe wakati anakula tu, na ufunguliwe mara amalizapo. Kuanzia siku ya tano ongezeni dakika tano, kisha kumi, kisha robo saa, mtu akiwa karibu, na msifikie saa nzima kabla wiki ya pili haijaisha. Akilia kidogo baada ya kufungiwa, subirini anyamaze japo kwa sekunde chache ndipo mfungue, la sivyo atajifunza kwamba kelele ndiyo ufunguo. Lakini aliyekuwa amelala kimya kisha akaamka akilia anaomba kutoka, na huyo atolewe mara moja.

Kutolewa nako kuna wakati wake: mara tu anapoamka, mara anapomaliza kucheza, na ndani ya dakika tano hadi kumi na tano baada ya kula. Apelekwe mahali palepale kila siku na asifiwe pale pale anapomaliza haja, si baada ya kurudi uani. Usiku atolewe saa tano kabla ya watu kulala, atolewe tena saa nane, na mara ya tatu adhana ya alfajiri inaposikika. Ndiyo, saa nane ya usiku. Anayeona hilo ni taabu angoje kununua mbwa hadi atakapopata mtu wa kuamka.

Kuna wanaojibu kwamba wamekwisha kulitatua tatizo kwa kujenga kizimba kikubwa. Hilo ni kosa lilelile lililovaa nguo nyingine, kwa sababu mnyama atakojoa pembe moja na kulala pembe nyingine, na hatajifunza kuzuia haja. Pimeni kwa tepu ya fundi seremala kutoka puani hadi shina la mkia, kisha ongezeni sentimita 10. Huo ndio urefu. Kimo kipimwe akiwa ameketi, kutoka sakafuni hadi utosini, nacho kiongezwe sentimita 10. Kwa mbwa wetu wa kienyeji kizimba cha urefu wa sentimita 90, upana wa 60 na kimo cha 65 kwa kawaida kitamtosha hata akikua, ila kigawanywe kwa ubao unaosogezwa kila baada ya wiki mbili kadiri anavyorefuka.

Mbao zisipakwe oili chafu wala dawa ya mchwa, kwa kuwa mtoto wa mbwa hutafuna kila kitu. Gunia la katani, ambalo kwetu halikosekani, lisitandikwe ndani: nyuzi zake akizimeza huweza kuziba utumbo. Kwa nyumba ambazo mbwa haingii ndani, kizimba kikae barazani au chini ya mwembe na saa zibaki zilezile, lakini kisiwekwe chini ya bati lisilo na dari wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, kwa sababu mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na katika joto la pwani lenye unyevu kuhema huko hakumtoshi.

Kwa anayeshinda shambani na hana wa kumwachia, dawa si kufunga mlango. Ajenge uzio wa mabanzi wa mita 2 kwa 2 wenye kivuli cha makuti, aweke kizimba ndani yake kikiwa wazi, maji upande mmoja na mchanga wa haja upande wa pili.

Na fimbo iachwe. Kumsukumia pua kwenye mkojo au kumfungia kizimbani kwa adhabu hakumfundishi chochote, kwani hawezi kuhusisha kipigo na alichokifanya nusu saa iliyopita. Atajifunza tu kuogopa kizimba na mkono wa mtu. Pasafisheni kwa sabuni kisha siki, harufu iishe, na hesabuni upya ni muda gani alikaa ndani.

Akianza kuingia mwenyewe kulala bila kuitwa, mmefanikiwa. Ubao wa kugawia uondolewe tu pale urefu wa mbwa unapohitaji nafasi yote, na hata hapo mkiona amekojoa pembeni, urudishwe siku hiyohiyo.