Mjamzito, fizi zikitoka damu usiache kupiga mswaki

Dada, ukiona damu kwenye mswaki, usiseme "ni mimba tu" ukaacha kusugua hapo panapouma. Ni kweli homoni za ujauzito hufanya fizi zivimbe na kutoka damu upesi, lakini kinachozichokoza ni utando wa bakteria uliojibana kati ya jino na ufizi. Ukiuacha, ugonjwa unaweza kushuka hadi kwenye mfupa unaoshikilia jino.

Tafiti nyingi zimeona wajawazito wenye ugonjwa mkubwa wa fizi wakijifungua kabla ya wiki 37 mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Majaribio ya kuwasafisha meno hayajaonyesha wazi kwamba hilo peke yake linazuia uzazi wa mapema, kwa hiyo asikutishe mtu. Fizi zako zinastahili kutibiwa hata kwa ajili yako mwenyewe.

Tumia mswaki laini na dawa yenye floraidi, asubuhi na usiku. Ukitapika, suuza kwanza kwa maji, usubiri kama nusu saa ndipo upige mswaki, maana asidi ya tumboni hulainisha jino.

Na tafadhali nenda kwa daktari wa meno. Wengi husubiri mpaka wajifungue, jambo linalonisikitisha sana. Kusafishwa meno, hata sindano ya ganzi, ni salama. Mwezi wa nne hadi wa sita wa mimba ndipo kukaa kwenye kile kiti kunakuwa na nafuu. Mwambie mimba ina miezi mingapi, kwa sababu dawa kama tetrasaiklini hazikufai.