Somo: Kuwashirikisha watoto katika kuwasaidia waathirika wa maafa

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, maji, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, kikiwamo Gendabi, mkoani Manyara, Tanzania. Watu zaidi ya 80 walifariki dunia, na baadhi ya walionusurika walihifadhiwa katika majengo ya shule. Watoto wengi walizitazama picha za maafa hayo katika televisheni na simu za wazazi wao. Nitautumia mfano huo kueleza namna ya kumshirikisha mtoto.

Hatua ya kwanza ni kumweleza kilichotokea. Mwambie kwamba mvua nyingi ililowesha sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu, ikameguka na kushuka na maji. Usimwambie kwamba waliofikwa na maafa wameadhibiwa, kwa maana mtoto aliyeambiwa hivyo atawahurumia kwa mashaka.

Hatua ya pili ni kuuliza kinachohitajika kabla ya kukusanya chochote. Katesh ni mji wa baridi, kwa hiyo blanketi na sweta zina kazi kuliko fulana nyepesi. Na kwa kuwa shule hufunguliwa Januari, mtoto ataelewa upesi kwamba mwenzake aliyesombewa nyumba hana sare wala daftari.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu, na wazazi wengi huiruka: mwache mtoto achague mwenyewe atakachotoa katika vitu vilivyo vyake. Mzazi anaponunua mfuko wa unga na kumpa mtoto aukabidhi mbele ya kamera, aliyetoa ni mzazi, na mtoto amejifunza kupiga picha tu. Akichagua sweta analolipenda, usimzuie. Akitaka kutoa lililochanika, muulize kama yeye angelivaa kwenda shuleni, kisha umwachie nafasi ya kufikiri. Asipokuwa tayari kutoa kitu, apewe kazi: kufua, kukunja, kupanga nguo kwa umri, kuhesabu madaftari na kuandika orodha.

Mwisho, pelekeni pamoja mahali panapotambulika, kama vile ofisi ya serikali ya mtaa, nyumba ya ibada au tawi la Chama cha Msalaba Mwekundu.

MASWALI YA WAZAZI

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ana miaka minne. Je, si mdogo mno?

Jibu: Marahaba. Si mdogo kwa kazi ya kukunja nguo, ila ni mdogo kwa picha za maafa. Zima televisheni, umsimulie kwa maneno machache.

Swali: Binti yangu anataka kuandika barua kwa mtoto wa huko. Niruhusu?

Jibu: Ruhusu, lakini isome kwanza. Asiulize nani amefariki, wala asiahidi kutuma kitu kingine ambacho ninyi wazazi hamna uwezo nacho. Inatosha ajitambulishe kwa jina la kwanza na aeleze anachopenda kucheza. Usiandike anwani yenu.

Swali: Ndugu mwalimu, sisi tunaishi chini ya mlima. Tangu tuanze kukusanya misaada, kijana wangu wa miaka tisa halali mvua inaponyesha. Je, tuache?

Jibu: Msiache, ila punguzeni mazungumzo ya maafa nyakati za usiku. Mchana mtembeze hadi mahali pa juu ambapo familia itakimbilia ikitokea hatari, mbali na mkondo wa maji, na mkubaliane nani atamshika mkono mdogo wake. Usimwambie kwamba kwenu haliwezi kutokea, kwa sababu hulijui hilo, naye atakuuliza. Akiendelea kukosa usingizi kwa wiki kadhaa, mpeleke kituo cha afya.