Somo: jiwe la kunolea kisu, kulichagua na kulitunza

Hili swali nimelijibu mpaka nimechoka, wacha niliandike mara moja. Mtu ananitumia picha ya kisu, mbona hakishiki makali na nilikinunua bei mbaya. Mimi huuliza, picha ya jiwe iko wapi? Nakata fileti za mbuta (sangara) hapa Kisumu kila siku, na mara nyingi kisu hakina makosa, jiwe ndilo limeharibika.

1. Kununua. Kama ni jiwe moja tu, chukua namba 1000 (namba ni ya chembe za jiwe, ikipanda chembe ni laini zaidi). 220 mpaka 400 ni ya kisu kilichomeguka, 3000 kwenda juu ni ya kulainisha na haitakusaidia kama kisu bado ni butu. Lile la hardware la pande mbili pia linafanya kazi, ule upande unaokwaruza sana uachie kisu kilichoumia.

2. Jiwe la maji liloweke mpaka liache kutoa mapovu, dakika 10 hadi 15. Mengine ni ya kumwagia tu, soma paketi.

3. Liweke juu ya kitambaa chenye maji lisiteleze.

4. Noa. Kisu cha upana wa sentimita 4, inua mgongo kama sentimita 1. Baki upande mmoja mpaka makali yapindukie upande wa pili, utaskia kwa kidole yanakwaruza toka mpini hadi ncha, ndio ugeuze.

5. KUSAWAZISHA JIWE. Hapa ndipo niliharibu. Jiwe langu la kwanza nililinolea katikati tu karibu mwaka mzima, maana mkono unapenda katikati, nikawa nanoa kila asubuhi na kisu kikifika kwa ngozi ya mbuta kinateleza, fileti inatoka imechanika, mteja anainua nyama ananiangalia. Nikabadilisha kisu, ikawa yale yale. Siku moja nikasimamisha rula juu ya jiwe nikaona mwanga unapita chini yake. Jiwe lenye shimo linabadilisha pembe kila ukisukuma kisu, kwa hivyo makali yanatoka mviringo. Dawa yake: chora mistari ya penseli jiwe lote kama ubao wa drafti, weka msasa wa maji namba 120 juu ya kioo kinene, mwaga maji, sugua jiwe hapo. Mistari ya pembeni inafutika kwanza, ya katikati inabaki kama kidimbwi, hicho ndicho shimo. Sugua mpaka kiishe. Langu lilinimaliza mkono, siku hizi nafanya kila nikinoa mara tatu nne na ni dakika mbili. ONYO: usitumie sakafu ya simiti, haijanyooka. Na suuza jiwe vizuri, chembe za msasa zikibaki zitakwaruza kisu.

6. Likaushe kivulini. Jua letu hili linaweza kulipasua.

MASWALI

Wa Kondele: Kisu changu ni butu nifanye aje?
– Soma hatua ya 4.

Wa Kondele: Nimesoma. Naweza kutumia mafuta ya kupikia badala ya maji?
– Hapana. Yanaziba jiwe na yakikaa yananata kama gundi. Jiwe la maji ni maji tu.

Wa Nakuru: Hii yote ya nini, jamaa wa kunoa na baiskeli anamaliza dakika tano.
– Sijamkataza mtu, na wako mafundi wazuri. Lakini gurudumu kavu linachoma chuma, ukiona makali yamegeuka bluu ujue hapo pamelainika, hata unoe vipi hapatashika mpaka sehemu hiyo iishe.

Mama wa Dunga: Mwanangu, mimi nina jiwe la mto, la mama yangu, nanolea kisu cha kupasulia ngege (tilapia). Nitupe?
– Usitupe mama! Kama ni laini na chembe zake ziko sawa linanoa kabisa. Pima na rula, likiwa na shimo lisawazishe kama hatua ya 5, litachukua muda kidogo. Na ukikwama mbali na jiwe, geuza kikombe cha udongo, ule mduara wa chini usio na rangi unanoa kwa dharura.

Mama wa Dunga: Nimejaribu kikombe sasa hivi, kimekata nyanya! Na magamba je, yanaharibu makali?
– Sana. Paa magamba na mgongo wa kisu ama kijiko, makali uyaachie nyama. Na ukate juu ya ubao, sio sahani.