Namna ya Kutambua Bendi, Mwimbaji na Mwaka wa Wimbo wa Zilipendwa

Katika simu za watu wengi wa Afrika Mashariki zimo nyimbo za dansi za mwanzoni mwa miaka ya 70 ambazo zimepita mikono mingi hadi majina yake yakapotea njiani. Wimbo unaletwa na ndugu kwenye kundi la WhatsApp ukiwa hauna jina lolote isipokuwa neno "zilipendwa" na namba, au unatolewa kwenye kaseti ambayo mwenyewe, miaka mingi iliyopita, aliandika jina la Mbaraka Mwinshehe juu ya kila wimbo uliokuwa na gitaa tamu. Hapa naeleza njia ninayoifuata ninapotaka kujua kwa hakika ni bendi gani iliyopiga, ni nani aliyeimba na, inapowezekana, ni mwaka gani. Nimeitanguliza bendi kwa makusudi. Katika dansi la wakati ule, hasa Tanzania, ambako vyombo vilikuwa mali ya klabu, ya chama au ya shirika na wanamuziki wengi walikuwa waajiriwa, wimbo ulijulikana kwa bendi kabla ya kujulikana kwa mwimbaji, na mtu anayeanza kwa kutafuta jina la mwimbaji pekee hukwama mapema.

Ikiwa umebahatika kuwa na santuri yenyewe, anzia hapo kabla hujamuuliza mtu yeyote. Ishike kwa kingo zake, uifute vumbi kwa kitambaa laini kwa kuzunguka kufuata mistari, kisha ipeleke dirishani usome karatasi ya katikati. Utakuta jina la wimbo, jina la bendi, jina la kampuni, namba ya toleo, na chini ya jina la wimbo, kwa herufi ndogo ambazo mara nyingi huwa ndani ya mabano, jina la mtu. Mtu huyo ni mtunzi, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu humchukua mtunzi wakamfanya mwimbaji. Katika bendi zilizokuwa na watunzi watatu au wanne, wimbo wa mpiga gitaa la rithim uliweza kuimbwa na mwenzake mwenye sauti nyembamba, naye mtunzi akabaki nyuma akiitikia. Aidha, jina lililochapwa halimalizi shauri la nani aliyetunga. Wimbo "Malaika", ambao Fadhili William aliurekodi na kuutangaza kabla ya miaka ya 70 na ambao Miriam Makeba aliufikisha kwa ulimwengu mzima, umekuwa na wadai zaidi ya mmoja, akiwamo Adam Salim. Kwa hiyo andika yaliyo kwenye karatasi kama yalivyo, lakini uyaandike kama ushahidi wa karatasi.

Jambo jingine la kuangalia kwenye santuri ni mahali ilipotengenezwa. Ukiona imeandikwa kuwa imetoka Kenya, usikimbilie kusema kwamba bendi ni ya Kenya. Tanzania ya wakati huo haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri, na bendi za Morogoro, Tanga, Tabora na Dar es Salaam zilitolewa na kampuni za Nairobi. Vilevile, ukiona wimbo umegawanywa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, ujue kwamba upande mmoja wa santuri ndogo ulibeba dakika chache tu. Kwa hiyo maneno yalikaa upande wa kwanza, na upande wa pili ukaachiwa magitaa na vipulizo. Nyimbo nyingi zinazozunguka leo ni nusu ya wimbo. Wimbo wako ukikatika ghafla pale gitaa linapoanza kuchanganya, au ukianza katikati bila ubeti wowote, nusu ya pili ipo mahali fulani na inafaa kutafutwa.

Namba ya toleo nayo isidharauliwe. Kampuni zilizipa santuri zao namba zilizofuatana kwa kadiri zilivyotoka, kwa hiyo ukipata santuri mbili za mfululizo huohuo ambazo miaka yake inajulikana, moja yenye namba ndogo na nyingine yenye namba kubwa kuliko yako, ya kwako umekwisha kuibana katikati. Kama karatasi imechanika au imeliwa na mende, geuza santuri pembeni ya mwanga utazame ile sehemu laini isiyo na mistari iliyo karibu na karatasi: mara nyingi utakuta namba imechorwa kwa mkono au imegongwa kwenye plastiki yenyewe, nayo haifutiki kwa urahisi.

Wasomaji wengi, hata hivyo, hawana santuri. Wana sauti tu. Sikiliza wimbo mara tatu, kila mara ukitafuta jambo moja.

Mara ya kwanza tafuta majina yanayotajwa. Bendi za Tanzania zilikuwa na desturi ya kuwa na mtindo wake wenye jina, na jina hilo liliitwa ndani ya wimbo ili mchezaji ajue yuko ukumbi wa nani. Ukisikia Msondo, uko kwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Likembe ni Morogoro Jazz. Saboso ni Western Jazz. Sokomoko ni Safari Trippers, bendi iliyomtoa Marijani Rajabu akiwa bado kijana mdogo. Pamoja na mtindo husikika pia majina ya watu, kwa sababu mwimbaji humwita mpiga solo kabla hajaanza kucharaza. Jina la utani linalotamkwa kwa nusu sekunde limewahi kunifungulia wimbo ambao nilikuwa nimehangaika nao kwa miezi. Punguza kasi ya wimbo kwenye simu yako, vaa visikilizi vya masikioni, na urudie sehemu hiyo hadi silabi zitulie.

Mara ya pili sikiliza maneno kwa nia ya kupata mwaka. Nyimbo za wakati ule zilisema mambo ya siku zake waziwazi, na kila tukio lina tarehe yake. Wimbo unaosifu TANU ni wa kabla ya tarehe 5 Februari 1977, siku ilipozaliwa CCM. Unaosifu CCM ni wa baada ya hapo, hata kama aliyekupa anaapa kwamba aliucheza mwaka 1970. Wimbo unaoutaja Mwongozo wa TANU hauwezi kutangulia mwaka 1971, na maombolezo ya Mzee Karume hayawezi kuwa ya kabla ya Aprili 1972. Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, kwa hiyo wimbo unaosimulia safari hiyo umejitaja mwaka wenyewe. Kwa nyimbo zilizotoka Kongo, neno Zaire ni alama nzuri, kwa kuwa nchi ilichukua jina hilo Oktoba 1971. Na baada ya hapo, katika siasa za Mobutu za kurudi kwenye asili, wanamuziki waliacha majina yao ya Kikristo, Rochereau akazidi kuitwa Tabu Ley na Franco akawa Luambo Makiadi. Majina ya zamani hayakufa, basi yachukue kama dokezo na utafute la pili la kuliunga mkono.

Mara ya tatu acha maneno kabisa, usikilize vyombo. Hapa ndipo panapohitaji subira, na kwangu ndipo penye utamu wote. Chukua wimbo wa Morogoro Jazz unaoujua kwa hakika, uusikilize mara nyingi hadi uzoee jinsi gitaa la Mbaraka linavyojibizana na sauti yake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwimbaji na mpiga solo kwa wakati mmoja: anaimba mstari, anaumalizia kwa vidole. Kisha chukua NUTA Jazz, usikie vipulizo vinavyoingia kwa pamoja kama watu wanaoitikia hodi, na sauti ya Muhidini Gurumo ikiwa imetulia juu yake. Baada ya hapo chukua nyimbo za ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, waliotoka Jamhuri Jazz ya Tanga, wakaunda Arusha Jazz mwaka 1970, wakavuka kwenda Kenya mwaka 1971 na baadaye wakajulikana kama Simba Wanyika. Humo magitaa yamefumwa kama ukili, huwezi kuvuta moja bila kutikisa mengine. Ukiwa na mifano mitatu au minne ya hakika masikioni, wimbo usio na jina utauweka karibu na mmojawapo, na mara nyingi hutakuwa mbali na ukweli.

Tahadhari kubwa hapa ni kwamba sauti husafiri. Gurumo wa mwanzoni mwa miaka ya 70 ni wa NUTA Jazz, lakini sauti hiyohiyo utaikuta baadaye Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978. Mbaraka kabla ya mwaka 1973 ni Morogoro Jazz. Kuanzia alipoondoka mwaka huo ni Super Volcano, na "Shida", ambao watu huupachika Morogoro Jazz kila siku, ni wa Super Volcano. Marijani wa Safari Trippers baadaye ni wa Dar International. Kinyume chake, bendi moja hubadili jina na kubaki na watu wake: NUTA Jazz ikawa Juwata, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma. Unapoandika kumbukumbu ya wimbo, tumia jina la bendi la siku uliporekodiwa. Kuita wimbo wa mwaka 1971 kuwa wa Msondo Ngoma ni kumvisha babu kanzu ya mjukuu. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979, na nyimbo zake zilitolewa upya baada ya hapo. Mwaka uliochapwa kwenye matoleo hayo ni mwaka wa kutolewa upya, usiuchukue kuwa mwaka wa kurekodiwa.

Tofauti nyingine ya kuzingatia ni kati ya wimbo wa santuri na wimbo wa redio. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ikizirekodi bendi katika studio zake yenyewe, kwa hiyo wimbo mmoja unaweza kuwapo mara mbili, na mpiga solo wa toleo moja asiwe wa toleo la pili. Ukikuta watu wawili waaminifu wanabishana kuhusu nani alipiga gitaa, chunguza kwanza kama wanazungumzia toleo lilelile.

Baada ya yote haya nenda kwa wazee. Nimeiweka hatua hii mwisho kwa sababu mzee ukimwuliza, "Huu si wimbo wa Jamhuri Jazz?" atakuitikia kwa heshima, nawe utarudi na jibu ulilokwenda nalo. Mpigie wimbo bila kutaja jina lolote, unyamaze, umwache aseme. Nilimchezea hivyo mzee mmoja wa Tanga, aliyekuwa mchezaji hodari enzi zake, wimbo ambao mimi nilikuwa nimeuandika Jamhuri Jazz kwa miaka mitatu. Alikuwa anamenya chungwa. Gitaa la besi lilipoingia, kabla mtu hajaimba neno, kisu kilisimama, akasema, "Atomic hao, hilo besi nalijua." Kisha akaimba kiitikio mbele ya mwimbaji, akanieleza mlango wa ukumbi ulikuwa upande gani. Niliporudi nyumbani nikaulinganisha na nyimbo za Atomic Jazz ninazozijua kwa hakika, nikaona kwamba kweli. Wazee wawili wasiojuana wakikupa jibu moja bila kudokezwa, umepata ushahidi wenye uzito. Mmoja akisema mwaka, mwulize alikuwa anafanya kazi wapi au mtoto gani alikuwa amezaliwa, kwani miaka huchanganyika lakini mtu hasahau ni lini alihama nyumba. Nenda mapema, na urekodi mazungumzo kwa ruhusa yake.

Mwisho ni kuandika. Katika daftari au kwenye jedwali la kompyuta weka jina la wimbo, bendi, mwimbaji, mtunzi, mwaka, na pembeni ya kila kimoja andika ulikopata: karatasi ya santuri, maneno ya wimbo, sikio lako, au mzee fulani na tarehe uliyozungumza naye. Mwaka usioujua kamili uandike kwa mipaka yake, kwa mfano "baada ya 1970, kabla ya 1973". Kisha badilisha jina la faili lenyewe kwenye simu, maana faili ndilo litakalosafiri na daftari lako litabaki nyumbani. Andika bendi kwanza, kisha wimbo, mwimbaji na mwaka; na palipo na shaka weka alama ya kuuliza, halafu uurudishe wimbo kwenye kundi lilelile ulikoupata.