Vespa ya zamani kisiwani: bodi kwanza, injini baadaye

Mtu anayetaka kununua Vespa ya zamani Unguja au Pemba aghalabu huipiga kiki, akasikiliza injini, na ikilia vizuri anatoa pesa. Hapo amekagua kile kinachotengenezeka kirahisi na kuacha kisichotengenezeka kirahisi. Injini ya Vespa ni ndogo, fundi mzoefu huifungua na kuifunga kwa siku moja, na vipuri vyake bado vinapatikana. Bodi ni jambo jingine. Vespa haina fremu ya mabomba kama pikipiki; bati lenyewe ndilo fremu. Likishaliwa na kutu, injini nzima hata iwe mpya haina pa kushikia.

Na kisiwani kutu haingoji mvua. Upepo wa baharini hubeba chumvi, chumvi hutua kwenye bati na kuvuta unyevu wa usiku, kwa hiyo chuma hubaki na majimaji hata katika wiki ya jua kali.

Maelezo haya ni ya PX 125 na 150, jamii ambayo Piaggio wa Italia walianza kuitoa mwaka 1977. Skuta za LML za India zilitengenezwa kwa mfano wa PX na vipuri vyake vingi huingiliana nayo. Bajaj Chetak asili yake ni Vespa za kabla ya PX, hivyo usinunue kipuri kwa kuambiwa tu kwamba ni "cha Vespa". Nenda dukani na kile kibovu mkononi, uvilinganishe juu ya meza.

Ukaguzi kabla ya kununua

Chukua bisibisi bapa, tochi na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze rangi.

Anza kwa kung'oa mkeka wa mpira kwenye sakafu ya miguu. Muuzaji akikataa mkeka usitolewe, acha biashara. Kisha bonyeza bisibisi kwa nguvu ya kiganja pembezoni mwa sakafu, kando ya mikanda ya alumini na kuzunguka tundu la pedeli ya breki. Maji hukaa hapo, na ndipo kutu inapoanzia. Bati zima hulia kavu na hurudisha mkono. Bati bovu hunyamaza na kubonyea kabla halijatoboka. Matundu ya hapo yanaungika.

Sasa laza chombo ubavuni juu ya gunia, tangi likiwa limefungwa, uangalie chini. Katikati ya sakafu inapita boriti ya bati, na stendi imefungwa juu yake. Boriti ikiwa imepasuka kwenye bolti za stendi, kazi ni kubwa lakini inawezekana. Mwisho chungulia pale shokapu ya nyuma inaposhikana na bodi, na pale bolti ndefu ya injini inapopita. Kukiwa na kutu ya kumeguka sehemu hizo mbili, hiyo si ya kuendesha tena. Inunue kwa bei ya vipuri, au iache.

Sumaku ipitishe taratibu kwenye bodi yote. Inaposhindwa kushika, chini ya rangi kuna puti nene. Tazama pia shingoni, chini ya usukani, kama kuna mkunjo: chombo kilichogonga mbele hukunjika hapo, na rangi mpya haifichi mkunjo huo ukiumulika tochi kwa upande.

Halafu namba. Kwa PX 150 namba ya bodi huanza na VLX1T na ya injini VLX1M. Zisome kwenye chuma chenyewe, zikwangue rangi ikibidi, uzilinganishe na kadi. Injini iliyobadilishwa si aibu, zimebadilishwa nyingi, ila kadi iwe imerekebishwa kabla pesa haijatoka mkononi mwako.

Kuunga sakafu

Toa tangi la petroli na lipeleke mbali, si kulifunga tu. Ondoa waya zinazopita karibu. Kabla ya kukata bati lililooza, chomelea kwa muda vipande viwili vya chuma kutoka shingoni hadi sehemu ya kiti. Sakafu ndiyo inayoshikanisha mbele na nyuma. Ukiikata bila viungo hivyo bodi hujipinda milimita chache, na baada ya hapo chombo kitavuta upande mmoja barabarani maisha yake yote.

Bati la kuungia liwe la milimita 1.2. Mabati ya kuezekea hayafai: ni membamba, hutoboka kwa moto, na zinki yake hutoa moshi mweupe unaompa fundi homa jioni. Chomelea kwa nukta, moja huku, nyingine kule, bati lipate kupoa. Ukivuta mstari mzima kwa pigo moja sakafu itavimba kama sinia lililoachwa motoni.

Ukimaliza, safisha kwa brashi ya waya, futa kwa tina, piga praima ya epoksi. Redoksaidi, ile praima nyekundu ya kawaida, peke yake hunywa maji. Ukiipiga lazima ifunikwe na rangi ya juu mapema, isingoje mwezi. Wakati mzuri ni kaskazi, Januari na Februari, asubuhi umande ukishakauka. Rangi iliyopigwa masika hufunga unyevu ndani na mwaka haumaliziki malengelenge yameshatoka.

Ndani ya boriti brashi haifiki, na kutu hulila bati kutoka ndani kwenda nje. Changanya kikombe kimoja cha grisi na vikombe viwili vya oili mpya ya injini, weka chombo cha mchanganyiko ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka ulainike, usiuweke juu ya moto wenyewe. Uvute kwa bomba la sindano lenye mpira mrefu, uuingize kupitia matundu ya boriti mpaka udondoke upande wa pili. Rudia kila mwaka kabla ya masika. Mafuta ya nazi hayafai kwa kazi hii: kwa joto letu hubaki majimaji na mvua huyaondoa.

Petroli na oili

Hii ni injini ya tustroku. Oili ya kulainisha krenki, pistoni na silinda inakuja ndani ya petroli. Kiwango ni asilimia 2, yaani ml 20 kwa lita moja. Nunua duka la dawa bomba la sindano la ml 20 lisilo na sindano: bomba moja kwa lita, mabomba matano kwa lita tano. Tangi la PX huchukua kama lita 8, basi likijaa ni ml 160. Kuna PX zenye kijitangi chao cha oili zinazojichanganyia zenyewe. Zikiwa zimezeeka na hujui historia ya pampu, changanya kwa mkono.

Wapo wanaozidisha oili wakiamini wanailinda injini. Matokeo yake ni kinyume. Jeti ya kabureta hupitisha kiasi kilekile, oili ikizidi petroli imepungua, moto wa ndani unakuwa mkali zaidi. Na oili isiyoungua hugeuka masizi yanayoziba bomba la moshi. Chombo kinachopanda mlima kwa shida, hasa Pemba kwenye vilima, huku injini ikilia vizuri pale kinaposimama, kwanza kifungue bomba la moshi uchungulie mdomo wake na tundu la silinda. Masizi yakwangue kwa mti mgumu, si kwa bisibisi, pistoni ikiwa imeshuka chini kabisa.

Chombo kikikaa wiki mbili bila kutembea, funga bomba la petroli na uache injini izimike yenyewe. Petroli iliyobaki kwenye kabureta hukauka, oili ikabaki kama gundi ndani ya jeti. Jeti iliyoziba ipulize kwa upepo; ukiichokonoa kwa waya umeipanua, na haitarudi.

Tangi lenye kutu ndani lijaze siki na kokoto ndogo zilizohesabiwa, litikise, uliache siku nzima. Suuza, kisha tia maji yenye magadi ili ukali wa siki ufe, suuza tena, kausha juani siku hiyohiyo na uzungushie oili kidogo. Zihesabu kokoto zikitoka. Moja ikibaki itaziba njia ya petroli.

Moshi na sili za krenki

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure, kwa sababu dalili za sili hufanana na dalili za kabureta. Krenki ya Vespa ina sili mbili, yaani pete za mpira za kuziba, moja upande wa magneti, nyingine upande wa klachi, na kila moja ikiharibika hutoa dalili yake.

Sili ya magneti ikichakaa, injini huvuta hewa isiyopita kwenye kabureta. Unaachia moto wa mkono, yaani eksileta, lakini injini inabaki juu, inapandisha na kushusha yenyewe. Toa plagi: utaikuta nyeupe kama chokaa. Usiendelee kukiendesha chombo hivyo. Mchanganyiko wenye hewa nyingi huchoma pistoni, na katika mwendo mrefu kama wa mjini hadi Makunduchi itakamata, gurudumu la nyuma likajifunga. Ikitokea, vuta klachi mara moja. Uzuri wa sili hii ni kwamba inabadilishwa bila kupasua injini: unatoa flaiwili kwa pula yake, si kwa nyundo, unatoa stata, yaani sahani yenye koili za umeme, baada ya kuweka alama ya mahali ilipokaa, na sili unaiona.

Sili ya klachi ikichakaa, injini hunyonya oili ya gia. Moshi mweupe mzito unatoka na haukomi hata injini ikipata joto, plagi inakuwa nyeusi yenye majimaji. Uhakika unaupata hivi: mwaga oili ya gia kupitia nati iliyo chini ya injini ukaipime. Ilitakiwa iwe ml 250. Ukipata nusu, na chini ya chombo hakuna uvujaji, oili imekwenda kwenye bomba la moshi. Sili hii haifikiwi mpaka injini ipasuliwe. Kwa kuwa umepasua, badilisha kwa mara moja sili zote, beringi za krenki, gasketi, na ule msalaba wa gia, kipande kinachozishika gia zinapoingia. Kuacha msalaba mkuukuu ili kuokoa pesa ni kujipangia kupasua tena.

Oili ya gia yenyewe ni SAE 30, si namba 90. Nzito hugandisha sahani za klachi, gia ya kwanza ikaingia kwa kishindo na chombo kikataka kuondoka hata klachi ikiwa imevutwa.

Plagi inayofaa ni NGK B7HS au inayolingana nayo, mwanya milimita 0.6. Rangi nzuri ya ncha ni ya kahawa.

Gia, waya, umeme

Gia ikiruka, rekebisha kwanza nyaya za gia, kwani hurefuka. Ikiendelea kuruka unapotia moto, msalaba umelika. Nyaya zipakwe grisi kabla ya kuingizwa; ukiona uzi mmoja umekatika karibu na mkono wa klachi, zilizobaki hazitakaa sana, badilisha leo.

Injini inayozima ikipata moto na kuwaka ikipoa, wengi hubadilisha koili. Tazama kwanza waya za stata. Kwenye PX za zamani ngozi ya waya hizo hukauka na kupukutika ukiikunja kidogo, shaba zikagusana. Zivue, weka waya mpya wa kuhimili joto, uunganishe kwa risasi. Viungo vya umeme visugue kwa msasa mwembamba na uvipake grisi, maana chumvi huvigeuza kijani.

Magurudumu

Rimu ya PX ni nusu mbili zilizofungwa pamoja kwa nati tano, na nati nyingine tano huishika kwenye ngoma. Zote ni spana 13. Usifungue kamwe zile za nusu mbili tairi likiwa na upepo: nusu moja itaruka kwa nguvu ya kuvunja mkono. Toa upepo wote, toa na kijiti cha valvu, ndipo uguse nati.

Tairi ni 3.50-10. Mbele pauni 18, nyuma 25 ukiwa peke yako, 36 ukipakia mtu.

Nati kubwa ya ngoma ya nyuma ikazwe Nm 90 hadi 110. Kama huna spana ya kupimia, tia mpini wa nusu mita ukiwa mlalo na uninginize kilo 20 mwishoni, umekaribia. Kisha kotapini mpya. Nati ikilegea, meno ya ngoma husagika na injini italia bila chombo kwenda.

Kuosha

Kitambaa kikavu huisugua chumvi kwenye rangi, hakiiondoi. Mwaga maji matamu kila wiki, na siku hiyohiyo ukitoka Nungwi, Paje au popote barabara inapokaribia pwani. Onja kwanza maji ya kisima chako: visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na kuoshea hayo ni afadhali usioshe. Tumia ya bomba au ya mvua. Elekeza maji chini ya sakafu na ndani ya matao ya magurudumu kuliko juu panapong'aa, toa mkeka, na uuache nje mpaka sakafu ikauke kabisa kabla ya kuurudisha.